Tupu si Tusi

Turku, Februari, digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
mto Aura umelala chali chini ya barafu.
Ghorofa ya tatu ya kiwanda cha meli, chumba cha michoro,
mashine ya kahawa inakohoa kama ilivyokohoa jana.
Nilikuwa na miezi minne kazini
na haraka ya miaka kumi.

Kazi yenyewe: kupita ndani ya mchoro wa meli nzima,
kitu kwa kitu, elfu tisini na ushee,
nikusanye mistari ya mabomba, nijumlishe urefu,
nipeleke hesabu chini kwenye msumeno.

Sasa, ukiufungua mchoro, hakuna anayetoka na jina lake.
Mstari hutoka na kusema: mimi ni Kitu.
Duara: mimi ni Kitu.
Tao, maandishi, mshale wa vipimo,
wote wamevaa koti moja la mzazi wao,
wamefunga vifungo hadi kidevuni,
na koti hilo lina mifuko miwili tu, rangi na tabaka.
Ukitaka ncha, ukitaka nusukipenyo,
sharti koti livuliwe.

Mimi sikubisha hodi.
Niliandika: wewe ni mstari.
Sikuuliza, niliamuru,
na kompyuta ikaitikia hewala,
maana ukiiambia hivyo hudhani unajua.
Lilipofika duara nikalisoma kama mstari,
nusukipenyo chake kikawa ncha ya mwisho,
namba imekaa kwenye kiti cha namba nyingine,
imetulia, haina hatia.
Laiti programu ingeanguka palepale!
Haikuanguka. Ilinipa jumla
hadi desimali ya nne.

Jumatatu Raimo Kettunen akapanda ngazi na bomba begani,
theluji ikimyeyukia ndevuni,
akalilaza juu ya karatasi zangu.
"Hili linaanzia chumba cha injini," akasema,
"na kuishia baharini, mita sita nje ya meli.
Nani wa huko kaliagiza?"
Watu wa ofisi ile hawacheki kwa sauti.
Siku hiyo walicheka.
(Kipande chake kiko mlangoni hadi leo. Tunasimamishia miavuli.)

Tuulikki hakucheka. Alivuta kiti,
sweta lake limetoboka kiwiko, kikombe hakimtoki mkononi,
akafuta neno langu moja, akaandika jingine.
"Muulize. Wewe ni mstari?
Akiwa ndiye, atakujia mzima, na ncha zake zote mbili.
Asipokuwa, utarudishiwa tupu.
Na tupu usiigonge kana kwamba kuna mtu ndani.
Itazame kwanza, kisha ipishe."
Nikamwambia siipendi tupu,
naona kama nimefungiwa mlango.
"Tupu si tusi," akasema. "Ni jibu.
Ogopa yule anayekuitikia
kwa jina lisilo lake."

Nikakaa usiku kucha.
Mstari? Tupu. Tao? Tupu. Duara? Ndiyo, karibu, nipe nusukipenyo.
Mstari? Ndiyo.
Mstari? Tupu.
Na kila nilichokifungua nilikifunga nyuma yangu,
kama mlango wa nyumba ya watu wakati wa baridi.
Jumla ikapungua, ikapungua,
hadi ikawa meli inayoweza kuelea.

Karibu na alfajiri kikaja kimoja.
Kiliumbwa na programu ambayo wenyewe walishafunga duka,
ufunguo wake umepotea pamoja nao.
Nikakiuliza majina yote niliyokuwa nayo, thelathini na mawili.
Tupu. Tupu. Tupu, hadi la mwisho.
Vidole vilinisisimka kukipachika jina,
lolote, mradi orodha ikamilike nikalale.

Nikakiacha palepale kilipo,
sitaha ya nne, nyuma ya jiko.
Nikaandika daftarini nambari yake,
rangi: kijani,
tabaka: la kumi na saba,
aina: